Mutesa II, Azikiwe au Sahle-Work: Uandike Wasifu wa Rais Yupi wa Heshima?

Kwa kijana wa Uganda aliyezaliwa miongo mingi baada ya mwaka 1966, rais ni mtu mwenye nguvu: huteua mawaziri, huamrisha jeshi, na akishatia saini jambo limekwisha. Ndiyo maana kila ninapowapa wanafunzi wangu kazi ya kuandika wasifu wa rais wa heshima, yaani mkuu wa nchi anayepokea mabalozi, anayekagua gwaride na kusoma Bungeni hotuba iliyoandikwa na serikali ilhali uamuzi uko mikononi mwa Waziri Mkuu, wapo wanaodhani nimekosea kusema. Wakishaelewa kwamba nchi yao wenyewe iliwahi kuwa na rais wa namna hiyo, hukwama mahali pengine: wamwandike nani?

Majina matatu hurudi kila mara. La kwanza ni la Sir Edward Mutesa II, Kabaka (yaani mfalme) wa Buganda na Rais wa kwanza wa Uganda, aliyekaa katika kiti hicho kuanzia 1963 hadi 1966. La pili ni la Nnamdi Azikiwe wa Nigeria, ambaye urais wake ulianza na kuisha karibu sambamba na ule wa Mutesa. La tatu ni la Sahle-Work Zewde, Rais wa Ethiopia kuanzia 2018 hadi 2024 na mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo nchini humo. Sir Walter Coutts, Gavana Mkuu aliyemwakilisha Malkia Elizabeth II hapa Uganda kuanzia Oktoba 1962 hadi Oktoba 1963, nimemwacha kando, kwa kuwa mwaka mmoja wa itifaki hauwezi kubeba insha ya kurasa ishirini.

Vigezo nilivyotumia

Cheo chenyewe kinafanana sana katika nchi zote tatu, na mtu akikisoma katika katiba peke yake atachoka mapema. Kinachotofautisha maisha ya wenye cheo hicho ni mzigo ambao kila mmoja alikuja nao alipokikalia. Kwa sababu hiyo nimewapima wote watatu kwa maswali yaleyale: alitoka wapi kabla ya kiti, sheria ilimpa nini, siku gani kiti kilimjaribu, aliondokaje, na mwandishi wa leo atapata wapi ushahidi. Mwishoni nimeeleza kila mmoja anamfaa mwandishi wa aina gani.

Walikotoka

Mutesa alizaliwa tarehe 19 Novemba 1924 na akarithi kiti cha baba yake, Daudi Chwa II, mwaka 1939, siku chache tu baada ya kutimiza miaka kumi na mitano. Alisoma King's College Budo, akapita Makerere, kisha akaenda Magdalene College, Cambridge, na kupewa cheo cha uofisa katika kikosi cha Grenadier Guards cha Uingereza. Mtu anaweza kuyasoma haya akadhani ni hadithi ya kijana aliyelelewa na wakoloni ili awafae wakoloni. Mwaka 1953 ulivunja dhana hiyo. Waziri wa Makoloni alipodokeza mjini London kwamba huenda Afrika Mashariki ikawa shirikisho, Buganda iliingiwa na hofu ya kumezwa kama ilivyokuwa Kenya chini ya walowezi. Kabaka akadai Buganda ipewe njia yake ya kujitawala, akakataa kurudi nyuma, na tarehe 30 Novemba Gavana Sir Andrew Cohen akamwondolea utambuzi na kumpeleka Uingereza kwa ndege. Alirudi Oktoba 1955 akipokewa kama shujaa, ingawa mkataba uliomrudisha ulikuwa tayari umemfanya mfalme wa kikatiba ambaye mawaziri wake ndio wanaowajibika. Kwa maneno mengine, alikwisha kuonja kiti kisicho na mamlaka miaka minane kabla ya kuwa Rais, na mwandishi makini hataipita hatua hiyo haraka.

Azikiwe alizaliwa Zungeru, kaskazini mwa Nigeria, tarehe 16 Novemba 1904, katika familia ya Waigbo, akakua akisema Kihausa, Kiigbo na Kiyoruba. Alisoma Marekani, akarudi Afrika kuhariri gazeti mjini Accra, ambako alishtakiwa kwa uchochezi mwaka 1936, kisha akaanzisha West African Pilot mjini Lagos mwaka 1937. Pamoja na Herbert Macaulay aliunda chama cha NCNC mwaka 1944, na kuanzia 1954 hadi 1959 aliongoza serikali ya Jimbo la Mashariki. Huyu alikuwa mpiganaji wa kalamu na jukwaa, mzoefu wa kushinda na kushindwa kura.

Sahle-Work alizaliwa Addis Ababa mwaka 1950, akasomea sayansi Montpellier, Ufaransa, na maisha yake ya kazi yakawa kwa sehemu kubwa ya kidiplomasia. Aliiwakilisha Ethiopia nchini Senegal, Djibouti na Ufaransa, akaongoza ofisi ya Umoja wa Mataifa ya kujenga amani katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, kisha kuanzia 2011 hadi 2018 akawa Mkurugenzi Mkuu wa Ofisi ya Umoja wa Mataifa jijini Nairobi. Kati ya watatu hawa, ni yeye peke yake ambaye hakuwahi kuwa na wafuasi wa kuwaita barabarani.

Sheria iliwapa nini

Hapa tofauti ni chache, ila zilizopo zina uzito. Uganda ilipoondoa wadhifa wa Gavana Mkuu mwaka 1963, katiba iliyorekebishwa ilitaka Rais achaguliwe na Bunge kutoka miongoni mwa wafalme na wakuu wa kikatiba wa wilaya, kwa kipindi cha miaka mitano. Mutesa aliapishwa tarehe 9 Oktoba, na Kyabazinga (mtawala wa jadi) wa Busoga, Sir William Wilberforce Nadiope, akawa Makamu wake. Hakuna aliyemtaka aache ukabaka ili awe Rais. Ukabaka wake ndio uliomwezesha kuchaguliwa. Fundo la maisha yake yote yaliyofuata lilifungwa na sheria yenyewe, na mimi huona kwamba wanaomlaumu peke yake kwa kuvaa kofia mbili hawajaisoma katiba iliyomshonea kofia hizo.

Nigeria ilifanya jambo la ajabu zaidi. Azikiwe alikuwa Gavana Mkuu tangu Novemba 1960, na nchi ilipokuwa jamhuri tarehe 1 Oktoba 1963, katiba mpya ilimtaja kwa jina na kutamka kwamba ahesabiwe kuwa amechaguliwa Rais. Mwanafunzi wa sheria atafurahia kukuta jina la mtu aliye hai ndani ya vifungu vya katiba, na pengine atajiuliza ni heshima au ni njia ya kumpandisha mwanasiasa hodari kwenye rafu ya juu asikoweza kugusa kitu. Uwaziri Mkuu, penye kazi, alikuwa nao Abubakar Tafawa Balewa.

Katiba ya Ethiopia ya 1995 ndiyo iliyo wazi kuliko zote. Rais huchaguliwa na mabaraza mawili ya Bunge yakikaa pamoja, kwa theluthi mbili ya kura, kwa kipindi cha miaka sita. Hufungua kikao cha mwaka, huteua mabalozi kwa mapendekezo ya Waziri Mkuu, hutoa nishani na msamaha kwa mujibu wa sheria. Sahle-Work alichaguliwa tarehe 25 Oktoba 2018, baada ya Mulatu Teshome kujiuzulu.

Siku ya mtihani

Kigezo hiki ndicho ninachokipa uzito kuliko vingine, kwa sababu rais wa heshima huonekana alivyo siku ile anapotakiwa kutia saini jambo ambalo moyo wake unalikataa.

Kwa Mutesa siku hiyo ilikuja mwaka 1964, nayo ilihusu kaunti za Buyaga na Bugangaizi. Ardhi hiyo ilikuwa ya ufalme jirani wa Bunyoro hadi vita vya miaka ya 1890 dhidi ya mfalme wake, Omukama Kabalega, ambapo Waingereza waliigawa kwa Buganda iliyowasaidia. Katiba ya uhuru iliagiza wakazi wenyewe waulizwe kwa kura. Mutesa akiwa Kabaka hakuweza kukubali ufalme wake ukatwe, na alikwenda hadi kuwapa makazi huko askari wa zamani wa Kiganda, watu ambao wapinzani walisema wamepelekwa kuongeza kura. Mutesa akiwa Rais alikuwa mkuu wa nchi nzima, Wanyoro wakiwemo. Kura ilipigwa tarehe 4 Novemba 1964, na wengi mno wakachagua kurudi Bunyoro. Rais alikataa kutia saini sheria zilizohusu suala hilo, na Waziri Mkuu Milton Obote akazitia saini badala yake. Waswahili husema mshika mbili moja humponyoka, lakini methali hiyo haimtoshi Mutesa: kila alichokishika kilikuwa kimefungwa mkononi mwake, na kukiachia kimoja kungekuwa kumsaliti mtu fulani. Hata muungano wa UPC, chama cha Obote, na Kabaka Yekka, chama cha wafuasi wa Kabaka, uliowaweka Obote na yeye madarakani, ulikuwa umekwisha kuvunjika mwezi Agosti mwaka huohuo.

Mtihani wa Azikiwe ulianza siku za mwisho za mwaka huohuo wa 1964. Uchaguzi wa tarehe 30 Desemba uligomewa na vyama vya upinzani katika sehemu kubwa ya nchi, na Rais akasita kumwita Balewa aunde serikali juu ya matokeo ya namna hiyo. Kwa siku kadhaa Nigeria ilikaa bila kujua nani anaitawala. Azikiwe, ambaye kwa jina alikuwa Amiri Jeshi Mkuu, aliwaita wakuu wa majeshi na polisi, na jibu alilopata ni kwamba kwa mujibu wa sheria amri za kazi hutoka kwa Waziri Mkuu. Tarehe 4 Januari 1965 palipatikana mapatano, Balewa akateuliwa tena na kuahidi serikali yenye sura pana zaidi. Sijui tukio jingine katika historia ya Afrika linaloonyesha waziwazi kiasi hiki umbali uliopo kati ya cheo kilichoandikwa na amri inayotiiwa. Wanaomsifu husema alirudi nyuma ili damu isimwagike. Wapo pia wanaosema alirudi nyuma kwa kuwa hakuwa na wa kumtii, na mwandishi wa wasifu wake atalazimika kusema yuko upande upi.

Mtihani wa Sahle-Work haukuwa wa siku moja. Siku ya kuapishwa aliwaambia wabunge kwamba kama wanaona amezungumza mno kuhusu wanawake, wajue ndiyo kwanza anaanza, na hotuba yake ilijaa neno amani. Novemba 2020 vita vikazuka katika jimbo la kaskazini la Tigray, vikaendelea hadi mapatano ya Pretoria ya tarehe 2 Novemba 2022. Mwanamke aliyekuwa ameitumikia kazi ya amani Bangui na Nairobi akawa mkuu wa nchi iliyo vitani, akiwa hana uwezo wa kuamuru risasi hata moja isimame, kwani mamlaka ya utendaji na ya jeshi yalikuwa kwa Waziri Mkuu Abiy Ahmed. Hakuna saini iliyokataliwa wala usiku wa mabishano Ikulu wa kusimulia. Swali la kufuatilia kwake ni la namna nyingine: maneno ya mtu asiye na kitu isipokuwa maneno yana thamani gani, na ukimya wake je?

Walivyoondoka

Februari 1966 mbunge Daudi Ochieng alipeleka Bungeni hoja iliyomtaja Kanali Idi Amin na kuwatuhumu wakubwa serikalini kuhusu dhahabu na pembe za ndovu kutoka Kongo. Tarehe 22 Obote aliwakamata mawaziri watano kikaoni Entebbe, siku mbili baadaye akaisimamisha katiba, na mwanzoni mwa Machi Rais na Makamu wake wakaondolewa. Obote alimtuhumu Mutesa kwa kuomba msaada wa kijeshi kutoka nje, naye alieleza kuwa alikuwa akichukua tahadhari. Lukiiko, yaani bunge la Buganda, ilipoitaka serikali kuu iondoke katika ardhi yake, jeshi chini ya Amin liliivamia Lubiri, kasri la Kabaka huko Mengo, tarehe 24 Mei 1966. Mutesa aliruka ukuta, akatoroka hadi Burundi na kutoka huko Uingereza. Alifariki London tarehe 21 Novemba 1969, siku mbili baada ya kutimiza miaka arobaini na mitano. Mwaka 1971 Amin, aliyekuwa sasa ndiye Rais, aliurudisha mwili wake ukazikwa Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme wa Buganda. Aliyeongoza mashambulizi ndiye aliyeandaa mazishi. Hilo peke yake ni sura nzima ya kitabu kwa anayejua kuandika.

Azikiwe alikuwa nje ya nchi kwa ajili ya matibabu na mapumziko wakati maofisa wa jeshi walipofanya mapinduzi tarehe 15 Januari 1966 na kumuua Balewa. Alipoteza cheo bila kupoteza maisha, na akaishi miaka thelathini zaidi: aliiunga mkono Biafra, eneo la mashariki lililojitenga na Nigeria, kisha akaiacha, akagombea urais wenye madaraka mwaka 1979 na 1983 na kushindwa mara zote mbili na Shehu Shagari, akasoma habari za kifo chake mwenyewe magazetini mwaka 1989, na akafariki kweli Enugu tarehe 11 Mei 1996.

Sahle-Work alimaliza kipindi chake Oktoba 2024, na Taye Atske Selassie akachaguliwa kumrithi. Kwa wasifu, kuondoka kwa utulivu kama huku ni kugumu kukuandika kuliko kuruka ukuta.

Ushahidi utaupata wapi

Mwandishi aliye Kampala ana bahati kwa Mutesa. Anaweza kutembea barabara iliyonyooka kutoka Bulange, jengo la Lukiiko, hadi lango la Lubiri, kwenda Kasubi, kusoma kumbukumbu za mijadala ya Bunge, na kuwasikiliza wazee wanaokumbuka milio ya bunduki ya Mei 1966. Mutesa mwenyewe aliandika kumbukumbu zake akiwa uhamishoni, zikachapishwa 1967. Hatari ni kwamba karibu kila chanzo kina upande. Mzee wa Mengo na mzee wa Lango, kwao Obote, watakusimulia Mei mbili tofauti, na asiyekwenda pia Hoima, mji wa Bunyoro, kuuliza habari za Buyaga na Bugangaizi atakuwa ameandika nusu ya hadithi. Kwa upande wa sheria ipo kesi ya mwaka 1966 ya chifu wa saza (kaunti) aitwaye Matovu, ambamo Mahakama Kuu ilitakiwa kuamua kama katiba mpya ya Obote ilikuwa halali. Jaji mkuu aliyeiongoza, Sir Egbert Udoma, alikuwa Mnigeria.

Kwa Azikiwe maandishi ni mengi, kwa kuwa alikuwa mtu wa magazeti tangu ujana, lakini tawasifu yake ya 1970 inaishia kabla hajafika katika urais, na kwa miaka ile ya 1963 hadi 1966 utahitaji kutegemea hotuba na waandishi wengine. Wa Sahle-Work mtandaoni utapata hotuba na mahojiano tele kwa Kiingereza na Kifaransa. Nyaraka za ndani za serikali bado hazijafunguliwa, na asiyejua Kiamhari atabaki mlangoni.

Anamfaa nani

Mutesa anamfaa mwandishi anayevutiwa na mgongano wa utii: mila na jamhuri, ufalme na taifa. Pia anamfaa anayetaka kuelewa kwa nini katiba yetu ya 1995 inawatambua viongozi wa mila lakini inawakataza kujiingiza katika siasa za vyama. Ugumu wake ni kwamba mwandishi wa Kiganda huingia akiwa na mapenzi, na asiye Mganda huingia na tahadhari, na vyote viwili huonekana kwenye karatasi.

Azikiwe namwona kuwa chaguo la mpenda siasa na sheria, hasa anayetaka kuchunguza mtu mwenye tamaa ya kutawala aliyewekwa mahali pasipotawala. Maisha yake marefu yanamruhusu mwandishi kuuona urais ule kama kituo kimoja safarini. Ila urefu huohuo humlazimisha kukata mengi.

Sahle-Work anamfaa anayesomea diplomasia, habari za wanawake katika uongozi, au Pembe ya Afrika ya leo. Asimchague mtu anayetaka hukumu ya mwisho, kwa kuwa bado ni mapema.

Kuchagua kulingana na hali yako

Ikiwa una muhula mmoja, uko Kampala au karibu nayo, na mwalimu wako anataka mahojiano, mchukue Mutesa, lakini panga safari ya Hoima kabla ya kuanza kuandika, wala usiiache iwe nyongeza. Ikiwa uko Arua, Kabale au Soroti na maktaba yako ni simu, Sahle-Work atakugharimu kidogo zaidi, kwa masharti kwamba ujiwekee mpaka: andika juu ya hotuba zake za kufungua Bunge, au juu ya miaka miwili ya vita, usiandike yote.

Ikiwa unasomea sheria, ama siku tano za mgogoro wa Azikiwe na Balewa mjini Lagos ama saini zilizokataliwa na Mutesa zinatosha insha nzima, na ukiweza kuziweka pamoja utakuwa na kazi ambayo wachache wameifanya: marais wawili walioapishwa mwezi mmoja, wakajaribiwa katika kipindi cha miezi mitatu, na wakaondolewa ndani ya robo ya kwanza ya mwaka 1966. Katika hali hiyo tengeneza kwanza jedwali la tarehe zao sambamba, kuanzia Oktoba 1963, na ulibandike mbele ya meza, maana wanafunzi wengi waliojaribu ulinganisho huu hupotelea katika Januari na Februari 1966.

Na ikiwa familia yako iliguswa na matukio ya Mengo, upande wowote ule, fikiria kuanza na Azikiwe. Ukishazoea kumpima mtu usiyemjua, rudi Lubiri.